Mheshimiwa anatoa milioni 10 za bati kanisani kwetu ila anataka maiki dakika 10. Mngefanyaje?

mtunza bahasha #1

Wakuu habari za jioni. Huwa mm ni msomaji tu humu, leo nimekwama ndo maana nimefungua uzi, naandikia simu mnivumilie.

Mimi ni mhazini wa usharika huku kijijini mwaka wa tatu sasa. Jumapili ya kawaida tunafika kama watu 140, wakulima wa mahindi na mbaazi, walimu wachache, vijana wa bodaboda. Jengo jipya tulianza 2019 likaishia kwenye lenta, ndani kumeota mbono na mbuzi wa jirani wameshaona ni zizi lao. Hesabu ninayo hapa mezani: bati geji 28 zinatakiwa 186, bei tuliyopewa 34,000, hapo ni 6,324,000. Mbao za kenchi, papi, misumari, dawa ya mchwa na fundi 5,100,000. Jumla 11,424,000. Benki tuna 1,870,000. Kuna ahadi za waumini zaidi ya milioni 3 ambazo hazijalipwa na nyingine aliyeahidi alishahama kijiji.

Sasa jumapili iliyopita mchungaji kaniita pembeni, mheshimiwa mmoja wa huku kwetu (cheo nakihifadhi) ametuma msaidizi wake, anataka kuja siku ya mavuno na milioni 10 taslimu. Hapo mzigo wote umeisha na chenji inabaki. Ila msaidizi kasema mheshimiwa apewe dakika 10 za kusalimia, na salamu zenyewe ziwe kabla ya mahubiri wakati watu bado wamejaa, isiwe baada ya ibada. Na kwaya ya akina mama atawaletea vitenge.

Kamati ya ujenzi watu tisa, saba wanasema ni Mungu amejibu maombi. Mimi na bibi mmoja mzee wa kanisa ndo tumebaki na kigugumizi. Kikao ni alhamisi. Sio kwamba nakataa hela, mimi ndo ninayejua kuliko wote kwamba hatuna. Ila kuna kitu kinanikaa kooni na nashindwa kukisema mbele ya watu bila kuonekana nina kijiba cha roho.

Mla Kiporo #2

Chukueni hela mkuu acheni mbwembwe. Hela haina dhehebu. Mvua ikinyesha mtajikinga na kigugumizi?

Dada wa Alto #3

Hivyo vitenge vitakuja na picha yake nakwambia. Sisi tulishaletewa, mpaka leo nafungia mandazi.

Kayole Mtaani #4

Wasee wa TZ salimieni. Mimi niko Nairobi na hii story yenu tumeishi nayo miaka na mikaka, wacha niwape ya huku halafu mjipime.

Tarehe 17 Novemba 2024 rais wetu alikuja kanisa katoliki la Soweto, hapa tu Embakasi, jumapili kama kawaida yake. Akatoa shilingi laki sita za kwaya na watoto wa PMC (chama cha watoto cha kikatoliki), akatoa milioni mbili za kujenga nyumba ya mapadre, akaahidi milioni tatu zingine na basi la parokia. Gavana wa Nairobi naye akapea kwaya laki mbili. Watu wakapiga makofi, vigelegele, wakaenda nyumbani. Kesho yake, jumatatu, Askofu Mkuu Philip Anyolo akatoa barua: pesa zote zirudishwe, basi hatulitaki, milioni tatu hatuzitaki. Hizo ni shilingi za Kenya, zidisheni wenyewe muone.

Na hiyo haikutokea hivi hivi. Siku tatu kabla maaskofu walikuwa wametoa taarifa kali juu ya serikali kusema uongo, kodi kupanda, na watu kutekwa. Na kabla ya hapo Juni ya mwaka huohuo Gen Z walikuwa barabarani kupinga Finance Bill, yaani muswada wa kodi, tarehe 25 wakaingia mpaka bunge, watu wakauawa. Vijana wakageukia na makanisa, wakasema hatutaki kuona mwanasiasa akipewa altar kila jumapili kama yeye ndiye ametumwa. Mpaka rais mwenyewe Julai akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee tena. Julai anapiga marufuku, Novemba anamwaga. Sasa fikiria padre wa hiyo parokia alijisikia vipi kurudisha na watoto wa PMC walikuwa wameshapiga hesabu ya sare.

Mla Kiporo #5

Na nyumba ya mapadre ikajengwa na nani?

Kayole Mtaani #6

Swali zuri na sina jibu la kukufurahisha. Ila kumbuka kwenye barua Anyolo aliwaambia pia wanasiasa mnakaribishwa kusali kama mtu mwingine yeyote. Yaani mlango haukufungwa. Kilichofungwa ni maiki.

Tundu la Sindano #7

Mimi nataka niongelee jambo moja ambalo nimeona watu wengi hawalioni kuhusu Zakayo, maana huko Kenya rais wao walimpa hilo jina kwa sababu ya kodi, wakawa wanaimba Zakayo shuka. Luka 19. Kila mtu anakumbuka mkuyu na ufupi. Soma alichofanya baada ya kushuka. Alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama alimdhulumu mtu anamrudishia mara nne. Haya niambieni, shilingi ngapi alipeleka kwenye sinagogi? Hata senti. Hakumwambia Yesu Bwana hapa kuna milioni 10 za bati. Hela ilirudi kwa wenyewe, kwa yule muuza samaki aliyetozwa mara mbili pale Yeriko. Na Yesu hakumwambia sasa na sisi huku kwenye huduma tuna uhitaji, akasema leo wokovu umefika nyumba hii.

Sasa waheshimiwa wetu wanataka wokovu wa Zakayo bila hesabu ya Zakayo. Mtu barabara ya kwenda zahanati haipitiki masika, mama mjamzito anabebwa kwenye tenga la pikipiki, yeye anakuletea bati za kanisa. Hiyo hela kama ni yake ya mfukoni, mshahara wake tunaujua hesabu yake. Kama sio ya mfukoni ni ya nani.

Kiboko ya Mbu #8

Umenena #7. Nakazia.

PasotaPikipiki #9

Shalom. Mimi ni mtumishi, kanisa la kipentekoste, na napenda tuwe wakweli kidogo kabla hamjampiga mawe mchungaji wa mleta mada.

Mnaposema tusichukue, mnajua mchungaji wa kijijini anaishi vipi? Mimi sadaka ya jumapili iliyopita ilikuwa 41,500, humo kuna noti ya elfu tano moja ambayo ni ya mgeni. Nilikuwa na misiba miwili wiki hiyo, mafuta ya pikipiki, na mtoto amerudishwa ada. Waumini wanaosema mwanasiasa atachafua madhabahu ndio haohao ukitangaza mchango wanaangalia chini wanatafuta kitu kwenye biblia ambacho hakipo.

Na kimaandiko pia msilete Zakayo peke yake. Hekalu la Yerusalemu nani alilijenga? Mfalme. Daudi alitoa dhahabu yake na fedha yake, 1 Nyakati 29, akasimama mbele ya kusanyiko lote akatangaza kiasi alichotoa, wakuu wa makabila nao wakatoa. Hiyo ni harambee na mgeni rasmi ni mfalme. Koreshi alikuwa mpagani kabisa na hekalu la pili lilijengwa kwa ruhusa yake. Kwahiyo kusema mkono wa mtawala ukigusa bati basi bati limenajisika, hapana, hiyo sio Biblia, hiyo ni hasira za mitandaoni.

Mla Kiporo #10

Pasta umemaliza. Uzi ufungwe.

Tundu la Sindano #11

Usifungwe kwanza. Pasta nakuheshimu na 41,500 imeniuma kweli, ila umeishia Daudi, endelea na mwanae. Suleimani alikusanya shokoa ya watu 30,000 kwenda Lebanoni kukata mierezi, kwa zamu, elfu kumi kila mwezi, 1 Wafalme 5. Hekalu likang'aa. Alipokufa tu watu wakamfuata mwanae Rehoboamu wakamwambia baba yako alitufanyia nira nzito, tupunguzie. Yeye akawajibu kwa kiburi, na nchi ikapasuka vipande viwili mpaka leo haijarudi. Tunafundisha sunday school dhahabu ya hekalu, shokoa hatufundishi.

Halafu huyohuyo Daudi alivyotaka kiwanja kwa Arauna, Arauna akamwambia chukua bure mfalme, na ng'ombe wa sadaka nakupa. Daudi akakataa, akalipa shekeli hamsini, kwamba hawezi kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Hiyo milioni 10 inamgharimu nini mheshimiwa wenu?

Nesi wa Zamu #12

Naomba nichangie kidogo nipo nightshift. Nafanya kazi hospitali ya kanisa ambayo ni teule ya wilaya. Mshahara wangu unalipwa na serikali. Madaktari pia. Kuna makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu afya na elimu, na ndio maana mnatibiwa huku kwetu. Kwahiyo hela ya serikali kuingia kanisani ni kitu cha kila mwezi na hakuna anayeanguka mapepo.

Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba huku kuna mkataba, kuna saini, mkaguzi anakuja mpaka anahesabu glovu. Na hakuna mbunge anayesimama wodini kabla ya kuchoma sindano akasema hii sindano nimeileta mimi. (Sawa, kuna mmoja alikuja akapiga picha na mashine. Ila mlinielewa.)

mtunza bahasha, hiyo milioni 10 mkipewa mnaandikia risiti jina la nani? Lake, chama, au mfuko wa jimbo? Uliza hilo kwanza.

mtunza bahasha #13

Nesi umenigusa palepale. Nilimuuliza msaidizi kwa simu niandike risiti kwa jina gani, akacheka, akasema mzee wewe andika Rafiki wa Usharika. Nikamwambia kitabu changu cha risiti hakina rafiki, kina jina na sahihi. Akasema tutaongea, akakata.

Wakili wa Kijiweni #14

Wadau wengi vijana hawajui neno takrima. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000, ikaruhusu mgombea kutoa takrima, eti ukarimu wa kiasili wa mwafrika. Ukimpa mpiga kura pilau na kitenge sio rushwa, ni ukarimu. Watu wakaenda mahakamani, Aprili 2006 Mahakama Kuu ikasema vile vifungu vinapingana na katiba, vinambagua mgombea asiye na hela na vinamnyima mwananchi kuchagua kwa uhuru. Vikafutwa. 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi.

Ninachotaka kusema, majaji waliona kitu ambacho kamati yenu ya watu saba haikioni. Ukarimu wa kiafrika hauna maiki. Bibi yangu akikupa ndizi anakupa jikoni, amefunika na kanga, na anakuambia usiseme.

Ndo maana mimi kwenye #1 nilichokisoma kwa makini sio milioni 10, ni yale maneno "kabla ya mahubiri". Huyu jamaa anajua anachonunua. Bei ya bati ni elfu 34. Bei ya watu 140 waliokaa kimya, wamevaa vizuri, wamesamehewa dhambi dakika tano zilizopita, hiyo dukani haipatikani.

Dada wa Alto #15

"wamesamehewa dhambi dakika tano zilizopita" 😂😂 jamani

Butiama Damu #16

Hamuwezi kuongelea ukristo na uongozi hapa kwetu bila Mwalimu. Mtu alibatizwa akiwa kijana mkubwa tu, 1943, akawa mtu wa misa maisha yake yote, na jimbo la Musoma lilishafungua mchakato wake anaitwa Mtumishi wa Mungu. Lakini umewahi kusikia habari zake za kumwaga mamilioni kanisani? Yeye dini yake aliiweka kwenye sharti. Azimio la Arusha, Februari 1967, kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Ukilisoma utadhani ni Kumbukumbu la Torati 17, pale mfalme anaambiwa asijizidishie farasi wala fedha na dhahabu.

Na 1970 alienda New York akawaambia masista wa Maryknoll waziwazi kwamba kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowaweka watu kwenye umaskini, basi halitakuwa na maana yoyote kwa binadamu. Aliwaambia masista, kwenye mkutano wao, na hakuwapelekea bahasha.

Azimio la Zanzibar, 1991, yale masharti yakalegezwa. Toka hapo kiongozi akawa na nyumba za kupangisha, hisa, na bati za kugawa.

Mla Kiporo #17

Na ujamaa wenyewe ukatuachia foleni ya sukari, tusisahau. Shule za makanisa zilitaifishwa pia mzee. Ukianza historia imalize.

Butiama Damu #18

Kweli, sibishi. Vijiji vya kulazimishwa vilikuwa na machozi yake, babu yangu nyumba yake ilichomwa ili ahame. Nakubali. Ila uchumi kufeli na kiongozi kuiba ni vitu viwili. Alistaafu akarudi kijijini kulima, hilo halina foleni.

Kayole Mtaani #19

Nirudi kidogo. Huku kwetu kuna vile wazee walikuwa wanakaa ngumu. Miaka ya 80, kura ya mlolongo, watu wanapanga laini nyuma ya picha ya mgombea mchana kweupe, waliopinga waziwazi walikuwa maaskofu na wachungaji: Okullu wa Maseno South, Gitari, Muge wa Eldoret, Njoya wa PCEA (Presbyterian), Ndingi wa wakatoliki. Muge aliambiwa na waziri mmoja akienda Busia hatarudi hai, akaenda, Agosti 14, 1990, njiani akirudi lori likamgonga akafa. Saba Saba ya 1997 polisi waliingia mpaka ndani ya All Saints, kanisa kuu la Anglikana Nairobi, wakampiga Njoya. Na wakati huohuo kila jumapili jioni kwa news ni Moi ametoka kanisani, na harambee kila mahali. Vyote vilikuwa kwa nchi moja.

Halafu 2007 makanisa yakagawanyika kwa kabila, kila mchungaji ana mgombea wa nyumbani, nchi ikaungua, na Februari 2008 NCCK, baraza la makanisa ya Kenya, wakatoka wakaomba msamaha hadharani kwamba tulichukua pande. Mimi nadhani huwezi tenganisha hizo mambo. Kuanzia hapo mwanasiasa akijua mchungaji ana bei, hata akisema ukweli kesho watu wanauliza amelipwa na nani.

2021 Ole Sapit wa Anglikana akiwa Butere kwa sherehe ya kumweka wakfu askofu mwanamke wao wa kwanza akasema imetosha, wanasiasa karibuni ibadani, kaeni kwa benchi, hamtaongea. Kuna waliokasirika. Sasa makanisa mengine wakaendelea vilevile, Machi 2025 kuna kanisa Roysambu liliahidiwa milioni 20 na vijana wakaandamana mpaka karibu na mlango wakapigwa teargas. Kwahiyo msidhani tumefika, bado tuko kwa hiyo barabara.

Futari Njema #20

Mimi ni muislamu nasoma tu nacheka, maana futari za ramadhani mnazijua. Jamaa analeta tende na kamera tatu. Shekhe wetu mmoja alimwambia cameraman kaa ufuturu au toka. Akakaa. Picha hazikupigwa, mwaka uliofuata tende hazikuja.

mtunza bahasha #21

Futari Njema hiyo ya tende nitaitumia kikaoni.

PasotaPikipiki #22

Nimesoma yote kuanzia jana. Sitabadilisha maneno yangu kuhusu waumini wanaoangalia chini. Ila Wakili umenipiga mahali. Mwaka juzi na mimi nilimpa mtu maiki. Alitoa viti 50 vya plastiki. Akaongea dakika 35. Nikahubiri baada yake, nakumbuka somo lilikuwa Amosi, sura ya tano, hukumu na itelemke kama maji, na nilipofika kwenye wale wanaopokea rushwa na kuwapotosha wahitaji langoni, macho yangu yenyewe yalienda kwenye vile viti vipya vya bluu, nikaruka mstari. Hakuna aliyejua nimeruka, mke wangu tu.

Viti bado tunavyo. Ni imara.

Tundu la Sindano #23

Pasta Mungu akubariki kwa kusema hilo. Nimeshindwa hata kujibu.

Kiboko ya Mbu #24

Nilikuwa nakula nimesimama.

Wakili wa Kijiweni #25

Mleta mada, ushauri wangu wa bure kabla ya alhamisi. Usiende kikaoni kubishana kama hela ni chafu au safi, hutashinda, watu saba wanaona bati. Wewe peleka utaratibu. Kwamba usharika unapokea sadaka kwa mtu yeyote, kwa bahasha, risiti ina jina kamili, inasomwa na majina mengine kwa mpangilio wa alfabeti, na hakuna salamu kabla ya ibada kuisha kwa mgeni yeyote, awe mheshimiwa, mfanyabiashara, hata mkuu wa shule. Usitaje jina la mheshimiwa hata mara moja. Kama anataka kumtolea Mungu, utaratibu huo haumzuii chochote.

Mla Kiporo #26

Na asipokuja?

Wakili wa Kijiweni #27

Basi mtakuwa mmejua bei ilikuwa ya nini.

mtunza bahasha #28

Wakuu nimerudi. Samahani kimya kilikuwa kirefu, simu ilidondoka kwenye ndoo.

Kikao cha alhamisi kilianza saa kumi kikaisha saa mbili usiku, kwa taa ya sola. Nilifanya kama Wakili alivyosema, niliandika utaratibu kwenye karatasi moja nikasoma. Kelele zikaanza palepale. Mwenyekiti wa kamati akasema mimi nataka kanisa liezekwe na nyasi. Mwingine akaniuliza mbele ya watu kama kuna chama kimenituma. Mchungaji alikuwa ameinama tu anachora chora kwenye diary.

Aliyegeuza kikao ni yule bibi. Ana miaka 70 na kitu, anauza dagaa. Alisimama akasema, mimi najua 1 Samweli 12, Samweli mzee kama mimi alisimama akawauliza watu nimechukua ng'ombe wa nani, nimechukua punda wa nani, wakamjibu hujachukua cha mtu. Akasema mheshimiwa akija akisimama pale mbele akiuliza hilo swali na nyinyi mkamjibu hujachukua, mpeni maiki saa nzima. Akakaa. Kuna mtu alianza kucheka halafu akaacha. Mwaka juzi kuna hela za kisima cha shule zilipotea na kila mtu kwenye kile chumba alichangia.

Utaratibu ukapita kwa kura tano kwa nne. Mchungaji akasema yeye atampigia msaidizi mwenyewe. Kesho yake msaidizi akajibu kwa meseji, mheshimiwa anawatakia mavuno mema, siku hiyo amepata ratiba nyingine.

Kwahiyo hela hazipo. Kuna wawili kwenye kamati hawanisalimii mpaka leo.

Mavuno yamefanyika jumapili iliyopita. Mnaojua mnada wa mavuno mnajua, baada ya ibada mnatoka nje, mahindi debe, ndizi mikungu, mayai, kuku, mua, mpaka sabuni, kila kitu kinapigwa mnada. Zamani tukiwa na mgeni rasmi jogoo mmoja anauzwa laki mbili anarudishwa anauzwa tena, watu wanashangilia mwenye hela, sisi wengine tunashika mikono nyuma tunaangalia kama mpira. Safari hii hakukuwa na mgeni rasmi. Watu walipoona hakuna mkubwa wakaanza kutaja wenyewe, buku, buku jero, mbili. Mtoto wa darasa la nne kanunua mayai mawili kwa mia sita za sarafu, nikamwandikia risiti, akaomba isomwe na yeye. Nimesoma majina 163 kwa alfabeti, mchungaji akawa ananionyesha saa. Fundi baiskeli wetu hajawahi kulipa ahadi miaka miwili, alilipa yote siku ile na kununua jogoo 38,000.

Jumla imepatikana 2,316,000. Ukijumlisha na ya benki ni 4,186,000. Bado tuko mbali wakuu, sitawadanganya, bati hatujanunua hata moja. Ila mbao tumelipia na fundi ameanza kupandisha kenchi jana, mbuzi wa jirani wamehamishwa.

Mla Kiporo #29

Niwe mkweli nilijua mtachukua. Namba ya usharika ipo? Nina elfu ishirini hapa. Na jina langu usilisome.

mtunza bahasha #30

Utaratibu unasema yanasomwa yote mkuu. Nimekutumia pm.

Dada wa Alto #31

Jogoo wa 38,000 alikuwa mkubwa kiasi gani lakini

mtunza bahasha #32

Wa kawaida tu. Na alirudi nyumbani kwa yule bibi wa dagaa, maana ndiye aliyemtoa, fundi akasema yeye nyumbani hana banda.